Kwenda kwa Miguu na Maradhi ya Presha

Ndugu wanachama, katika karatasi hii yetu husomwa zaidi khabari za bei, za miche, na za karafuu zilizoanikwa vibaya, na hayo ndiyo yatupasayo. Lakini mkulima naye ni chombo cha shamba, tena chombo kisichouzwa dukani kikivunjika. Ni vijiji vichache siku hizi katika mashamba yetu ambavyo havina mtu aliyelala ndani, upande mmoja wa mwili umekufa, mdomo umekwenda upande, na maneno hayatoki. Watu husema kapigwa na upepo, naye huzungushwa huku na huku kwa siku kadha wa kadha kabla ya kufikishwa spitali. Mara nyingi kilichompiga ni presha, iliyokuwa ikimla kwa miaka naye hana khabari nayo. Rai yangu ni kwamba maradhi haya tumeyazidisha wenyewe tulipoacha kwenda kwa miguu, na kwamba chama chetu kina jambo la kufanya kabla ya msimu ujao.

Moyo husukuma damu katika mishipa, na damu ipitapo husukuma kuta za mishipa hiyo. Kipimo chake huandikwa kwa namba mbili: ya juu ni nguvu ya damu moyo unapojikaza, na ya chini ni ile nguvu inayobaki moyo unapojilegeza. Mtu mzima akipimwa siku mbali mbali, na namba ya juu ikawa 140 au zaidi, au ya chini ikawa 90 au zaidi, huhesabiwa kuwa ana presha. Ubaya wa maradhi haya ni kwamba hayaumi. Wengi wangoja kichwa kiwagonge ndipo waende wakapimwe, na kichwa hakigongi mpaka mambo yamekwisha haribika, au hakigongi kabisa. Sisi twajua jambo la namna hii. Karafuu mbichi zikilazwa ndani ya polo hupata moto na kuchacha humo humo. Ukilitazama polo kwa nje ni lile lile, na hasara huiona siku ya kuanua, karafuu zimekuwa mpeta. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiri kuwa watu wazima bilioni 1.3 wana presha, na karibu ya nusu yao hawajijui. Mishipa ya ubongo, moyo, figo na macho yote huharibika polepole wakati huo mtu anakwenda sokoni na kurudi kama kawaida.

Sasa kutembea kwaingiaje hapo? Mtu anapokwenda kwa haraka, moyo hupiga zaidi na presha ya juu hupanda kidogo. Hilo si la kutisha kwa aliye mzima. Misuli ya miguu hutaka damu, na mishipa hupanuka ili kuipitisha. Anaposimama, mishipa haijifungi papo hapo. Hubaki imelegea kwa saa kadha, na presha hushuka chini ya pale ilipokuwa kabla hajaondoka nyumbani. Afanyapo hivyo siku kwa siku, mishipa huzoea kulegea, na zile neva zinazoikaza hupungua ukali wake. Lakini faida hii haiwekwi akiba. Akiacha kwa majuma machache presha hurudi ilikokuwa, na kwa hiyo mwendo mkubwa wa siku moja katika mwaka haumfai mtu kitu. Kila Januari mosi huwaona ndugu zetu wa vikundi vya mazoezi kule Unguja wakitembea na kukimbia kwa furaha, nami nawapenda. Bali ningependa zaidi kuwaona tarehe 2, na mwezi wa Machi, na siku ya mvua ndogo ndogo.

Yafaa nieleze jambo hili lilivyojulikana, kwa kuwa wako wanaodhani ni maneno ya wazungu wenye nafasi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alitaka kujua kwa nini maradhi ya moyo yamezidi katika nchi yake. Aliwatazama watu wa kazi. Mabasi ya London wakati ule yalikuwa ya ghorofa mbili, na kila basi lilikuwa na watu wawili: dereva, akaaye kitini karibu zamu nzima, na kondakta, apandaye na kushuka kutwa akikata tikti. Kondakta alikuwa akipanda vidato kiasi cha 500 mpaka 750 kwa siku ya kazi. Watu hawa walikuwa wa mji mmoja, wa kazi moja, na maisha yao nyumbani hayakuachana sana. Morris na wenziwe waliwachungua watu kiasi cha 31,000 wa umri wa miaka 35 mpaka 64, na mwaka 1953 wakatangaza katika gazeti la madaktari, The Lancet, kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva, na walipopatwa hayakuwaua kwa ghafula kama yalivyowaua madereva. Wakawatazama na watu wa posta, wakaona vivyo hivyo: wapeleka barua, waendao kwa miguu na kwa baskeli, walikuwa salama kuliko makarani wakaao mezani.

Mtu mwenye akili atauliza, je, pengine wanene ndio waliopenda kazi ya udereva, na maradhi yao walikuja nayo? Swali zuri, na Morris mwenyewe alijiuliza. Mwaka 1956 alitangaza hesabu ya sare za watu wa mabasi, na ikaonekana kweli kwamba madereva walipewa suruali za kiuno kipana zaidi, hata wale vijana. (Sijui kama kuna mwanachuoni mwingine aliyefanya utafiti kwa suruali za watu, lakini kazi yake ilikuwa ya maana.) Basi hapana budi ushahidi upatikane kwa njia nyingine: kuwachukua watu, hawa wakaambiwa watembee na wale wakaachwa kama walivyo, kisha wote wakapimwa. Majaribio ya namna hiyo yamefanywa mengi. Mwaka 2021 yalikusanywa pamoja majaribio 73 kutoka nchi 22, yenye watu zaidi ya 5,700, wengine wana presha na wengine hawana. Mara nyingi walitembea dakika 20 mpaka 40, mara 3 mpaka 5 kwa juma, kwa muda wa kadiri ya majuma 15. Kwa wastani namba ya juu ilishuka kwa 4 na ya chini kwa kadiri ya 2. Morris, kwa wanaopenda kujua mwisho wa khabari, alifariki mwaka 2009 naye ana umri wa miaka 99.

Nasikia mtu akisema: namba 4! Nipoteze nusu saa kila siku kwa ajili ya 4? Ndugu yangu, usiidharau. Zilipojumuishwa hesabu za majaribio makubwa ya dawa za presha, mwaka huo huo wa 2021, ilionekana kwamba kuishusha namba ya juu kwa 5 tu hupunguza mapigo ya ubongo na ya moyo kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi. Mkulima aliyeambiwa kuwa katika kila mapolo kumi yanayompotea ataokolewa polo moja, tena bila ya kulipa nauli, hatasema ni kidogo. Na hizo 4 ni wastani; wako walioshuka zaidi, na wako ambao hawakushuka.

Hapa nafika kwenye neno ninalolisikia kila nikizungumza jambo hili: kwamba mazoezi ni ya watu wa afisini, na mkulima kazi yake ndiyo mazoezi yake. Neno hili lilikuwa kweli kwa wazee wetu. Mzee alitoka alfajiri kwa miguu, akateremka bonde la mpunga, akapanda kilima cha pili hadi kwenye mikarafuu yake, akalima magugu kwa jembe, akarudi na mzigo wa kuni au pakacha la muhogo. Kisiwa hiki ni vilima na mabonde, na mwili wake ulilipia kila kilima. Lakini na tujihesabu wenyewe bila ya kujipendelea. Leo mwenye shamba huita bodaboda mlangoni, ashushwe chini ya mkarafuu wa kwanza. Magugu hulimwa na vibarua. Karafuu huchumwa na wachumaji wa kulipwa kwa pishi, naye mwenyewe husimama chini na daftari, au hukaa juu ya polo. Jioni bodaboda humrudisha. Na huo ni msimu! Msimu ukisha, tena msimu wenyewe si wa kila mwaka kwani mkarafuu hupumzika, hubaki miezi mingi ambayo safari yake ndefu ni kutoka nyumbani hadi barazani. Katika mfano wa basi la Morris, sisi tulikuwa makondakta, tukajifanya madereva, na wengine hata udereva hatuna bali ni abiria.

Wala sisemi hivi kwa kuichukia pikipiki. Imemfikisha mama mwenye uchungu spitali usiku, na mgonjwa, na polo la karafuu kabla ya mvua. Ninachosema ni kwamba mwenye miguu mizima kupanda pikipiki mwendo wa robo saa ni kununua maradhi kwa fedha taslimu.

Mwendo wenyewe hauna ufundi mkubwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lataka mtu mzima apate dakika 150 kwa juma kwa uchache, yaani nusu saa kwa siku 5, na lasema kuwa kila kidogo kimo katika hesabu; robo saa ya kwenda na robo saa ya kurudi ni nusu saa kamili. Mwendo uwe wa haraka. Alama yake ni kwamba uweze kuzungumza na mwenzio, lakini ukijaribu kuimba kasida pumzi ikukatie njiani. Kutembea kwa mikono nyuma, huku wasimama kumuamkia kila mtu na kumuuliza khabari za watoto mmoja mmoja, ni adabu njema, bali si mazoezi. Ile hesabu ya hatua 10,000 wanayoitaja vijana wenye simu isikutishe. Asili yake ni kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilikuwa na maana ya hatua elfu kumi, nayo ikashika kwa kuwa yasemeka vizuri. Chini ya hapo pia kuna faida kubwa.

Vaa viatu vinavyoshika mguu. Makubadhi ni ya msikitini na ya harusini, na mwenye kisukari asithubutu kwenda peku, kwani kidonda cha mguu kwake ni khatari. Katika barabara ya lami pita upande wa kulia, uyaone magari yanayokujia. Pikipiki zetu hazina subira. Lililo bora ni kuziacha barabara na kushika njia za mashambani, ila wakati wa masika, udongo mwekundu unapoteleza. Katika Ramadhani, mwendo mwepesi baada ya futari, au kwenda tarawehe katika msikiti wa mbali kidogo, watosha. Na wale wenzangu wa barazani, wa dhumna na bao, sisemi baraza zivunjwe. Kahawa ina ladha ile ile katika baraza ya kijiji cha pili.

Nataka niseme neno kwa ajili ya mama zetu na dada zetu, kwa sababu kwao jambo hili ni zito zaidi kuliko kwetu. Mwanamume akionekana njiani alfajiri hapana amuulizaye. Mwanamke mtu mzima akitoka kutembea kwa ajili ya afya yake huulizwa anakwenda wapi, kwa nani, na ana shida gani. Asipokuwa na jibu la mzigo au la msiba, huchekwa. Basi hukaa ndani, na huko ndani ndiko presha inakompata, na ndiye anayeuguza aliyepooza kabla ya kupooza mwenyewe. Haya ni makosa yetu wanaume, na sioni katika dini wala katika mila jambo linalomkataza mtu kuulinda mwili wake. Wakiondoka wawili watatu pamoja, kwa mabuibui yao, saa ya asubuhi, wataambiwa nini? Mume mwenye akili atakwenda pamoja na mkewe, na mwenye kucheka na acheke. Chama hiki kina wanachama wanawake wenye mikarafuu yao, na mikono yao ndiyo inayochambua karafuu usiku kucha tunapolala. Itakuwa aibu tukizungumza afya ya wanachama na kuwaacha wao nje.

Kuna mambo mawili matatu ambayo lazima niyataje ili nisije nikampoteza mtu. La kwanza, kutembea si badala ya dawa. Aliyepewa vidonge na daktari avinywe kila siku, hata akijiona mzima. Presha ikishuka, daktari ndiye atakayesema vipunguzwe. Aliye na namba ya juu ya 180 na zaidi, au anayebanwa na kifua apandapo kilima, aonane na daktari kabla ya kuanza kujishindilia mwendo. La pili ni chumvi. Shirika la Afya Duniani lataka mtu asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, na ndani yake imo ile ya ng'onda, ya papa mkavu na ya achari. Atembeaye asubuhi na kula papa wa chumvi mchana na usiku anavuta kamba kwa ncha mbili.

La tatu lanikera zaidi. Siku hizi husikia watu wakiuza maji ya karafuu kuwa ni dawa ya presha, na wengine wakiacha vidonge kwa ajili yake. Mimi ni mkulima wa karafuu na ningefurahi sana kama dunia nzima ingekunywa karafuu asubuhi na jioni. Lakini haijathibitishwa kwa majaribio ya watu wengi kwamba maji hayo yashika mahali pa dawa. Tusiuze karafuu zetu kwa uwongo. Jina lake la kweli lilitosha kuzisafirisha dunia nzima kabla ya sisi kuzaliwa.

Sasa nije kwenye lile la chama. Kila msimu twasikia mchumaji kaanguka mtini. Sababu ni nyingi: tawi bovu, kamba mbovu, mvua. Lakini mwenye presha ambaye hajijui, au anayekunywa baadhi ya dawa zinazomtia kizunguzungu anyanyukapo, naye hupanda mti ule ule. Nataka kabla ya kufungua msimu kila mchumaji na kila mwanachama apimwe, na jina lake na namba zake ziandikwe katika daftari. Apimwe kwa utaratibu: akae kitini dakika 5 bila ya kuzungumza, mgongo umeegemea, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita, na apimwe mara mbili. Kumpima mtu aliyeteremka kilima sasa hivi ni kumtisha bure. Atakayeonekana na namba kubwa apelekwe spitali, na asipande mti mpaka daktari aseme. Wenye namba za kati na kati waanze kutembea, na baada ya miezi mitatu wapimwe tena, tuone wenyewe kwa macho yetu kama haya niliyoyaandika ni kweli kwa watu wa hapa.

Fedha zitatoka wapi? Najua neno hili litawachukiza wengine. Ikiwa mjumbe wa kamati hulipwa nauli ya kuja mkutanoni naye akaa chini ya maili mbili, napendekeza nauli hiyo isimamishwe kwa mwaka mmoja, isipokuwa kwa mgonjwa na mzee asiyejiweza, na fedha zake zinunue mashine mbili za kupimia presha, za mkanda wa kufunga juu ya kiwiko, pamoja na mkanda mmoja mpana kwa wenye mikono minene, kwani mkanda mdogo katika mkono mnene hutoa namba kubwa ya uwongo. Moja iwekwe kwa katibu na moja izungushwe matawini kwa zamu. Mimi mwenyewe ni mmoja wa watakaokosa nauli hiyo. Mwenye njia nyingine ya kupata fedha aje nayo kwenye mkutano mkuu ijadiliwe, na likubaliwe lipi kati ya hayo kabla ya wachumaji kuanza kutafutwa. Daftari nitalitoa mimi.